Kuondoa kijiti cha uzazi wa mpango

Kuondoa kijiti cha uzazi wa mpango (pia: kutoa kipandikizi) ni upasuaji mdogo ambao mtaalamu wa afya hutumia kutoa chini ya ngozi ya mkono kijiti kinachoachia dawa ya kuzuia mimba polepole kwa miaka kadhaa. Hufanywa kwa ganzi ya mahali pamoja, bila kumlaza mtu usingizi, na mara nyingi humalizika kwa dakika chache. Mwanamke huenda nyumbani siku hiyohiyo.

Nchini Tanzania vipandikizi hujulikana zaidi kwa jina la vijiti au njiti. Huwekwa na kutolewa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, na katika vituo vya serikali huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo. Kukiweka kijiti ni kazi nyepesi kuliko kukitoa. Kwa sababu hiyo kuna mahali, hasa vijijini na milimani, ambako mwanamke huwekewa kijiti karibu na nyumbani, na siku ya kukitoa hulazimika kusafiri mbali.

Aina za vijiti

Kipandikizi cha kwanza kuenea duniani kiliitwa Norplant. Kilikuwa na vijiti 6 vya silikoni, kila kimoja na miligramu 36 za homoni ya levonojestreli, vikipangwa kama upepeo chini ya ngozi. Jadelle, iliyokifuata, ina vijiti 2 vyenye urefu wa milimita 43 na unene wa milimita 2.5, kila kimoja kina miligramu 75 za homoni hiyohiyo, na hutumika kwa miaka 5. Levoplant, inayotengenezwa China, nayo ina vijiti 2 na imeidhinishwa kwa miaka 3.

Implanon na mrithi wake Implanon NXT ni kijiti kimoja tu cha plastiki laini, urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, ukubwa unaokaribia njiti ya kibiriti. Kina miligramu 68 za homoni ya etonojestreli na huwekwa kwa miaka 3. Tofauti kati ya Implanon ya zamani na NXT ina uzito kwa anayekitoa: NXT imechanganywa na bariamu salfeti, kwa hiyo huonekana kwenye eksirei. Ile ya zamani haionekani.

Vijiti vyote hivi haviyeyuki mwilini. Dawa huisha, lakini kijiti hubaki. Viko vipandikizi vingine vya dawa, kama vile goserelini inayotumika kutibu saratani ya tezi dume, ambavyo huyeyuka vyenyewe na havihitaji kutolewa. Jambo hili huchanganya watu, na wapo wanaodhani kwamba kijiti cha uzazi wa mpango nacho "kitaisha chenyewe" baada ya miaka yake kutimia.

Historia

Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Judah Folkman na David Long, walionyesha kwamba mrija wa silikoni uliowekwa mwilini unaweza kupitisha dawa kidogokidogo kwa muda mrefu. Miaka michache baadaye Sheldon Segal wa shirika la Population Council na Horacio Croxatto wa Chile walianza kulitumia wazo hilo kwa homoni za kuzuia mimba. Norplant iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Ufini mwaka 1983, na Marekani mwishoni mwa mwaka 1990.

Tatizo la kutoa lilijitokeza mapema. Vijiti 6 vilivyopangwa vibaya, au vilivyosukumwa ndani mno, viliweza kumchukua daktari saa nzima na kumwachia mwanamke makovu. Nchini Marekani maelfu ya wanawake walifungua kesi katika miaka ya 1990, wengi wao wakilalamikia madhara ya dawa na ugumu wa kuitoa. Uuzaji wa Norplant nchini humo ulikoma mwaka 2002. Huko Bangladesh, ambako Norplant ilijaribiwa kwa wanawake wengi maskini, waandishi na wanaharakati waliripoti wanawake walioomba kutolewa na kuambiwa wasubiri. Mjadala huo uliacha kanuni inayorudiwa hadi leo katika miongozo ya uzazi wa mpango: mtu asiwekewe kijiti mahali ambapo hawezi kutolewa kwa wakati anaotaka yeye.

Wataalamu nao walitafuta mbinu bora. Daktari Untung Praptohardjo wa Indonesia alibuni njia inayoitwa "U", inayotumia koleo lenye ncha ya duara lililorekebishwa kutoka lile la kufunga uzazi kwa wanaume. Kijiti hushikwa katikati badala ya kuvutwa kwa ncha. Kupunguza idadi ya vijiti kutoka 6 hadi 2, kisha hadi 1, kulirahisisha kazi kuliko mbinu yoyote.

Katika Tanzania, huduma za uzazi wa mpango zilianzishwa mwaka 1959 na chama ambacho baadaye kiliitwa UMATI. Serikali iliziingiza katika kliniki za mama na mtoto, na katika miaka ya 1990 alama ya Nyota ya Kijani ikaanza kubandikwa kwenye vituo vinavyozitoa. Vijiti vilikuwepo tangu muongo huo, lakini vilikuwa ghali na vilipatikana kwa wachache. Mambo yalibadilika baada ya mkutano wa London wa Julai 2012, ambao Rais Jakaya Kikwete alihudhuria. Kwa makubaliano ya wafadhili na watengenezaji, bei ya kijiti kwa nchi maskini ilishuka kutoka takriban dola 18 hadi 8.50 kuanzia mwaka 2013. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia vijiti walikuwa takriban 2 katika kila 100. Katika utafiti wa 2015–16 walikuwa karibu 7. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 vijiti vilikuwa vimeipita sindano.

Hesabu yake ni rahisi. Kila kijiti kinachowekwa leo ni upasuaji mmoja wa kukitoa ndani ya miaka 3 hadi 5. Ongezeko la kuweka lilikuja kwa kasi, na mafunzo ya kutoa yakafuata nyuma.

Sababu za kuondoa

Sababu ya kwanza ni kutimia kwa muda, na ya pili ni kutaka mtoto. Zote mbili hazina utata.

Nyingine ni madhara ya homoni. Lililo kubwa ni mabadiliko ya hedhi: damu kutoka bila mpangilio, matone ya siku nyingi mfululizo, au hedhi kukoma kabisa. Kukoma kwa hedhi hakudhuru mwili, wala damu "haikusanyiki" tumboni kama inavyosemwa mitaani, lakini mwanamke ambaye hakuelezwa mapema hupata hofu. Maumivu ya kichwa, chunusi, kuongezeka uzito, kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa na kubadilika kwa hisia pia hutajwa. Kwa damu inayotoka ovyo, mhudumu anaweza kwanza kutoa dawa kama ibuprofeni kwa siku chache, au vidonge vya majira kwa wiki 3 kwa mwanamke asiye na sababu ya kuvikwepa. Anayekubali hujaribu, asiyekubali ana haki ya kutolewa kijiti siku hiyo.

Baadhi ya dawa hupunguza nguvu ya kijiti: rifampisini inayotibu kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi iliyokuwa katika mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa sababu Tanzania ilianza kuhamia kwenye dolutegraviri mwaka 2019, tatizo la efavirenzi limepungua sana. Wanawake walio kwenye dawa nyingine hizo hushauriwa kutumia njia tofauti au kuongeza kondomu.

Mume naye huingia katika habari hii. Wapo wanawake wanaotolewa kijiti kwa sababu mume amekigundua kwa kupapasa mkono, au mama mkwe ameuliza mbona mtoto wa pili anachelewa. Huduma haimtaki mwanamke kuleta idhini ya mume ili kuwekewa wala kutolewa. Kinachotakiwa kwa mhudumu ni kuzungumza naye faraghani na kujua kama anataka mwenyewe, kisha kumpa njia nyingine kama bado hataki mimba.

Jinsi inavyofanywa

Kabla ya kitu chochote mhudumu hupapasa mkono. Kijiti kisichosikika kwa vidole hakitolewi katika zahanati. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na kuivunja ndiko kunakoleta majeraha makubwa. Kama kadi ya uzazi wa mpango ipo, huangaliwa aina ya kijiti, tarehe ya kuwekwa na mkono uliotumika. Kadi ikiwa imepotea, mikono yote miwili hupapaswa.

Mwanamke hulala chali, mkono ukiwa umekunjwa kwenye kiwiko na kiganja kikielekea chini ya kichwa, ili upande wa ndani wa mkono uwe wazi. Mkono unaotumika kwa kawaida ni ule asioutegemea sana, yaani wa kushoto kwa anayetumia wa kulia. Ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kama povidoni ayodini. Ganzi ya lidokeini, takriban nusu hadi mililita 1 kwa kijiti kimoja, huchomwa chini ya ncha ya kijiti iliyo karibu na kiwiko. Ikichomwa juu yake, ngozi huvimba na kijiti hupotea machoni. Kosa hili dogo huwapata wengi wanaojifunza.

Mhudumu akiisha kuhakikisha ganzi imeshika, hubonyeza ncha ya kijiti iliyo upande wa bega, na ncha ya upande wa kiwiko hunyanyuka. Hapo hukata kwa kisu kidogo mstari wa milimita 2 au 3 ukielekea kwenye kiwiko. Mara nyingi kijiti huchomoza kwa kusukumwa na vidole tu. Kisipochomoza, ni kwa sababu mwili umekizungushia utando mgumu wa kovu, jambo la kawaida. Utando huo hukwanguliwa taratibu kwa shashi au kwa ncha ya kisu, kisha kijiti hushikwa kwa koleo dogo na kuvutwa. Kwa vijiti 2 vya Jadelle tundu hilohilo hutumika, na kile kilicho karibu zaidi na juu hutolewa kwanza.

Kinachofuata ni kupima. Kijiti cha Implanon lazima kiwe na sentimita 4 kamili. Kila kijiti cha Jadelle, milimita 43. Kikiwa kifupi maana yake kipande kimebaki, na mteja huelezwa. Katika vituo vizuri mwanamke huonyeshwa kijiti chake. Tendo hili linachukua sekunde chache na humaliza uvumi mwingi.

Kidonda hakihitaji nyuzi. Hufungwa kwa plasta, na juu yake bendeji ya kukaza kidogo kuzuia damu kuvilia. Anayetaka kuendelea na njia ileile anaweza kuwekewa kijiti kipya papo hapo, kupitia tundu hilohilo au katika mkono wa pili.

Baada ya kutolewa

Bendeji hutolewa baada ya siku 1. Plasta huachwa siku 3 hadi 5, pakiwa pakavu. Mkono huuma kidogo na hubadilika rangi kwa wiki moja hivi. Kuoga hakuna shida ikiwa kidonda hakilowi. Kulima kwa jembe, kubeba ndoo na kuinua mzigo wa kuni ni vema kusubiri siku mbili tatu, shauri ambalo wanawake wa milimani husikiliza kwa adabu na mara chache huweza kulifuata.

Homa, usaha, wekundu unaozidi kuenea au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua ni dalili za maambukizi na huhitaji kurudi kituoni. Ganzi inayobaki vidoleni baada ya siku ya kwanza, au udhaifu wa mkono, ni dalili za kuguswa kwa neva na hazifai kungojewa. Watu wenye asili ya kupata kovu la kuvimba wanaweza kulipata hapo pia.

Uwezo wa kupata mimba hurudi upesi. Etonojestreli huondoka katika damu ya wanawake wengi ndani ya wiki moja, na wengi sana hupevusha yai katika wiki chache za kwanza. Kwa hiyo asiyetaka mimba anapaswa kuanza njia nyingine siku ileile. Imani kwamba mwili "hupumzika" miezi kadhaa baada ya kutoa kijiti imewapa wengi mimba ambazo hawakuzipanga. Kinyume chake pia husemwa, kwamba kijiti huharibu kizazi, na hakuna ushahidi wa hilo.

Kijiti kisichoonekana

Kijiti kinaweza kutosikika kwa sababu kiliwekwa ndani mno, chini ya mafuta au kwenye msuli. Kwa sababu mwanamke amenenepa sana. Au kwa sababu hakikuwekwa kabisa, kama sindano ya kuwekea ilikuwa tupu au kijiti kilidondoka bila kuonekana. Kusogea sentimita moja au mbili hutokea. Kusafiri mbali ni nadra mno, ingawa wapo wanawake wachache duniani ambao kijiti chao kilikutwa katika mshipa wa damu wa pafu baada ya kuwekwa kimakosa ndani ya mshipa wa mkono.

Hatua sahihi ni kutafuta kwanza kwa picha. Eksirei huonyesha Implanon NXT. Ultrasaundi yenye kipimo cha masafa ya juu huonyesha aina zote, kwa kivuli chembamba ambacho jicho lililozoea hukitambua; mtaalamu huweka alama kwenye ngozi na daktari hukata hapo. Kupekuapekua mkono kwa kisu bila kujua kijiti kilipo ni hatari, kwani mshipa mkubwa wa damu na neva zinazoendesha vidole hupita upande huohuo wa ndani. Kutokana na hatari hiyo maelekezo ya kuweka yamebadilishwa: siku hizi kijiti huwekwa nyuma kidogo ya mfereji uliopo kati ya misuli miwili ya mkono, sentimita 8 hadi 10 juu ya kifundo cha ndani cha kiwiko, badala ya juu ya mfereji wenyewe.

Hadi kipatikane, mwanamke hana sababu ya hofu kubwa. Kijiti kilichokwisha dawa hakiletei mwili sumu. Hasara yake ni kwamba hajui kwa hakika kama bado kinamkinga, au kama kinamzuia kupata mtoto anayemtaka.

Upatikanaji katika milima ya Upare

Ngujini ni kata ya Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, katika milima ya Upare Kaskazini. Mwanga ilitengwa na Same mwaka 1979, na wilaya zote mbili zina sura moja: mji wa makao makuu uko tambarare kando ya barabara kuu iendayo Moshi, na sehemu kubwa ya wakazi wa asili wako juu, kwenye miteremko ya migomba na kahawa, ambako njia huwa matope wakati wa masika.

Ngazi za huduma ni zilezile za nchi nzima: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Kutoa kijiti kinachosikika ni kazi ya zahanati, kwa tabibu, muuguzi au mkunga aliyefunzwa. Ugumu huja pale zahanati inapokuwa na mfunzwa mmoja tu. Akihamishwa, akienda masomoni au akiwa likizo ya uzazi, vijiti vyote alivyoviweka hubaki bila mtoaji wa karibu. Pengine mtu yupo lakini lidokeini imekwisha, au kisu na koleo dogo havipo. Mwanamke huambiwa arudi wiki ijayo, na kurudi kwa mtu wa milimani ni nusu siku ya shamba pamoja na nauli ya bodaboda.

Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na huduma za mkoba, ambapo timu kutoka hospitali ya wilaya au mashirika kama UMATI na Marie Stopes Tanzania hupanda vijijini kwa siku zilizotangazwa. Huduma hizo zina tabia yake: zinaweka vijiti vingi kwa siku moja na kuondoka. Mwenye madhara mwezi unaofuata hana wa kumwendea isipokuwa zahanati yake. Ratiba ya kurudi ikitangazwa kanisani, msikitini na kwenye gulio, wanawake hujipanga. Isipotangazwa, wengine hukaa na kijiti kilichokwisha muda kwa mwaka au zaidi.

Kijiti kilichozama huhitaji kwenda tambarare. Wenye rufaa kutoka Mwanga hufika Moshi, takriban kilomita 50, zilipo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako kuna picha na madaktari wa upasuaji. Kutoka Same ni mbali zaidi.

Penye kikwazo kirefu huzaliwa njia ya mkato. Kujikata kwa wembe nyumbani, au kumwendea mtu asiye na mafunzo, huleta maambukizi, kipande kilichobaki ndani na kutokwa damu nyingi. Kisu kisichochemshwa kinaweza pia kubeba pepopunda na virusi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huombwa kuwauliza wanawake waliowekewa vijiti tarehe ya mwisho iliyo kwenye kadi, na kuwaelekeza mapema kabla haijafika.

Mwaka 2015 mashirika ya kimataifa yanayohusika na vijiti yaliunda kikosi kazi cha masuala ya kutoa, ambacho kilitaja mambo ambayo mwanamke anapaswa kuyakuta: mhudumu mwenye ujuzi, vifaa, taarifa ya wapi na lini, gharama anayoiweza, kuhudumiwa kwa wakati bila kukataliwa, ushauri, kumbukumbu zinazohesabu waliotolewa, na mahali pa kumpeleka kijiti kikiwa kigumu. La kumbukumbu huonekana dogo. Lakini kituo kinachoandika vijiti vilivyowekwa tu hakiwezi kujua ni wanawake wangapi watabisha hodi mwaka unaokuja, wala kuagiza ganzi ya kuwatosha.